Mkorosho Niliouhukumu kwa Kosa la Waya

Nilirudi Nachingwea na cheti cha kompyuta cha wiki sita, nikitembea kama mkuu wa wilaya. Ofisi yetu ilipata intaneti kwa antena ya juu ya paa, iliyoelekezwa kwenye mnara wa njia ya Ruangwa. Asubuhi moja ikakata. Sikuinama hata chini ya meza. Nilitoka nje, nikaunyooshea kidole mkorosho wa jirani yetu, Mama Zuhura.

“Majani haya yanaziba mawimbi. Ukatwe.”

“Mwanangu, si unaona umetoa maua? Ngoja nivune.”

“Mama, teknolojia haisubiri korosho.”

Mjinga mimi! Mama wa watu akakubali kwa shingo upande, kwa vile msomi kasema. Mkorosho ukaanguka. Tukaingia ofisini wote, bosi wangu akiwemo, nikabofya kwa madaha. Intaneti hakuna.

Mama Zuhura akainama, akaibuka na waya wa kutoka kwenye antena. Ulikuwa umechomoka. Asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimeivuta meza hadi dirishani, wapita njia wamwone mtaalamu.

Akaninyooshea ule waya mbele ya bosi.

“Na huku chini ya meza, mwanangu, majani yangu yalifika?”