Kifipa cha Sesilia

Tuliokulia Mpui, kijiji cha Wafipa, hatujasahau baridi ya kipupwe, ile ya kukufanya ugombee nafasi jikoni na paka. Asubuhi uji wa ulezi ulikuwa wa moto, unaunguza ulimi, na hakuna aliyesubiri upoe. Kisha uwanjani: mpira wa matambara, kombolela, mpaka mama aanze kutuita kwa majina ya ubatizo, dalili kwamba fimbo iko tayari. Watoto wa leo ukiwaita wanakuambia simu haijajaa chaji.

Ndipo Wasukuma walipohamia jirani na ng'ombe wao. Kulwa, mtoto wao wa rika langu, alifika hajui neno la Kifipa. Hakuna aliyemfundisha. Tulicheza, tukagombana, tukachoma mahindi ya watu, na mvua zilipokatika alikuwa ananitukana kwa Kifipa safi kuliko changu. Baba yake, mtu mwenye akili zake, alizeekea palepale akijua salamu tu. Mengine yote aliyamalizia kwa kucheka. Tulidhani mzee ni mvivu. Kumbe kuna umri ambao lugha huingia bila kubisha hodi, na umri huo ukishapita, unabaki kuivuta kwa jasho.

Sasa naishi mjini, mtaa wa Chanji. Deo, mwanangu mkubwa, tulimlea kwa Kiswahili kitupu, maana mjini kila mtu alisema lugha mbili humchanganya mtoto. Leo yuko sekondari, anajitahidi kusema Kifipa, na bibi yake hucheka mpaka akohoe. Nami hucheka, ila roho inaniuma, kwa sababu uzee unamnyang'anya mama yangu Kiswahili. Kila tukimtembelea Mpui, kimepungua.

Krismasi iliyopita mama alimpakata Sesilia, kitindamimba wetu wa miaka minne, akaniambia kwa Kifipa, "Huyu niachie. Zamani mtoto akiachishwa ziwa alikuja kukaa kwa bibi. Mmemchelewesha, lakini bado hajakomaa ulimi."

Mke wangu aliogopa chekechea itamwacha nyuma.

"Atajifunza kuhesabu lini, baba Deo?"

"Atahesabu kuku wa mama."

Nilijikaza tu kusema hivyo. Lakini tukingoja, Sesilia angemjua bibi yake kwa tabasamu, basi. Tukamwacha.

Siku za mwanzo alilia sana. Tulipomfuata baada ya mavuno, tulimkuta uani akiwapanga watoto wa Kulwa kwenye mchezo, kwa Kifipa, akiwagombeza kwa sauti ileile ya mama. Nilisimama pale nikafuta machozi, wala sioni haya kusema.

Enzi zetu lugha tuliiokota uwanjani, hatukujua kama ni mali. Leo lazima mzazi afunge safari kumpeleka mtoto ilipo. Naumia kwa hilo, lakini bado ipo, na njia ya Mpui haijafungwa.

Jioni ya siku tuliyomfuata Sesilia, Deo aliketi karibu na bibi yake, akamwomba mdogo wake amfundishe kumuuliza kama amelala vizuri. Akakosea, akarudia, akakosea tena. Safari hii mama hakucheka. Alimjibu taratibu, maneno mengi, kama anayeongea na mtu anayeelewa yote.

"Amesemaje?" Deo akauliza.

"Amesema hiyo huulizwa asubuhi, kesho umuulize tena," Sesilia akajibu.

Deo akaniomba tulale hukohuko.