Ameshuka Mwanza

Nikueleze polepole, msikilizaji wangu, maana hata mimi nilichelewa kuelewa. Ndani ya ile meli ya mizigo iliyogeuzwa makumbusho kando ya ziwa kulinuka grisi na kutu, na chini yake harufu ya gunia lililolowa. Nilikuwa na miaka kumi. Tulitoka Kimumu, Eldoret, alfajiri: baba, mimi, na nyanya, mama yake baba, aliyekuja shingo upande. Babu alikuwa mbeba mizigo wa meli hiyo. Baba angali mdogo, mwenzake babu wa kazini alituma kikaratasi nyumbani: "Ameshuka Mwanza, hakupanda tena." Nyanya akaamini ameachwa kwa ajili ya mwanamke wa huko. Alichoma koti la mumewe, akapiga marufuku jina lake, na hakuna mjukuu aliyepewa.

Aliyetutembeza alikuwa mzee aliyewahi kufanya kazi humo. Alituonyesha jiko, chumba cha nahodha, hadi choo.

"Mzee, hata choo unatuonyesha kama ikulu!" nyanya akamtania.

Mzee akacheka, akagonga kifuniko cha chuma kwa kiatu, kisha akakifunua. "Na hapa, Mama, ni Mwanza."

"Mwanza gani?" baba akauliza.

"Tumbo la mbele. Mzigo wa Mwanza ulikaa hapa, wa Bukoba kule nyuma. Ukiambiwa shuka Mwanza, unateremka hii ngazi. Marobota ya pamba yakiporomoka, wengine hawakupanda."

Kwa wabeba mizigo hao, kupanda kulikuwa kutoka shimoni, si kuingia melini. Nyanya alishika ukingo.

"Hao wasiopanda walipelekwa wapi?"

"Hatukuambiwa, Mama. Asubuhi tuliletewa mtu mwingine."

Nyanya alivua viatu, akapiga magoti, akainamisha uso shimoni na kuita, "Odhiambo!" Ndiyo mara yangu ya kwanza kulisikia jina la babu. Ilirudi sauti yake mwenyewe tu. Tulipokaribia nyumbani ndipo aliposema, "Nimemtukana miaka yote hii, na yeye alikuwa kazini."

Kaburi la babu hatuna hadi leo, na nyanya amekwisha kufa. Siku hizi kaka yangu yuko kazini ughaibuni, na ujumbe wake hunifikia kwa simu kabla chai haijapoa, lakini maneno ni machache vilevile. Nawe ukiletewa habari fupi ya mtu wako, usikisie. Mtafute aliyeiandika, umuulize kila neno lina maana gani kazini kwao.