Faili Iitwayo Bob

Kache alivuliwa viatu mlangoni. Wala si kwamba anaingia msikitini. Ilikuwa amri ya Gerishom, karani wa hoteli moja ya Diani, aliyeamini kwamba vumbi la Samburu, alikotoka Kache, likiingia chumbani kompyuta itashikwa na virusi. Mashine yenyewe aliifunika kwa kitambaa cha kufuma, kama bibi harusi, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuifunua.

Mama huyu muuza mbuzi hakuifuata mashine. Aliufuata uso wa mwanawe. Sanga alibeba mizigo ya watalii hapo miaka mitatu, kisha malaria iliyokuja na mvua za El Nino ikambeba yeye. Picha pekee waliyokuwa nayo nyumbani ilikuwa ya kitambulisho, nacho kilirudishwa serikalini alipozikwa, kama sheria inavyotaka. Mjane wake alijifungua miezi minne baadaye. Mtoto atamjua babake kwa kusimuliwa tu. Ndipo Kache akasikia kwamba hoteli iliwapiga wafanyakazi wote picha kwa kamera isiyotumia filamu, zikawekwa ndani ya kompyuta.

Gerishom hakutoa shikamoo. Aliandika jina kwa kidole kimoja, akangoja, akatikisa kichwa.

"Mathe, hapa hakuna Sanga. Huyo hajawahi kufanya kazi kwetu."

"Mwanangu, mlimleta nyumbani kwa gari lenu. Ndani ya sanduku."

Sanduku Gerishom alilikumbuka. Lililomshinda ni jina. Katika hoteli ile hakuna aliyeitwa alivyoitwa na mamake. Wageni wasije wakaumwa na ndimi, kila mtu alibandikwa jina jepesi kifuani. Mpishi Mwero akaulizwa kupitia dirishani, akajibu huku akimenya viazi kwamba Sanga ndiye aliyekuwa Bob.

Bob alikuwepo. Picha ikateremka mstari kwa mstari, paji la uso kwanza, na Kache akaushika ukingo wa meza. Yalipofika macho, akauachia.

"Huyu siye."

Kweli, siye. Alikuwa Charo wa Majoreni, aliyeajiriwa wiki moja baada ya mazishi. Hoteli haitupi kitu kizima: Charo alirithishwa beji ya Bob, shati la Bob na kitanda cha Bob, naye Gerishom akaihifadhi picha yake kwa jina la Bob. Mashine ilimuuliza kama ifute ile ya zamani. Akabonyeza ndiyo, tena akajisifu kwamba ameokoa nafasi.

"Kwa kompyuta ndiye," alisema sasa, "hata ukiuliza mara mia."

Saa ya chakula ilikuwa imefika, kwa hiyo akaichapisha ile picha ili amwondoe Kache.

Kache aliikodolea macho karatasi. Chini ya kidevu cha Charo, kwenye kola, palikuwa na mshono mbaya wa uzi mweusi. Aliushona Kache mwenyewe, Sanga alipokuja likizo ya mwisho.

"Nikatie hicho kichwa," alisema.

Gerishom alidhani anatukanwa, mpaka alipoonyeshwa kwa kidole. Akatoa mkasi, akakata vizuri, kwa mkono wa mtu asiyetaka lawama. Kache akalikunja lile shati la karatasi, akalifunga kwenye pindo la leso, akatoka bila kuaga.

Kichwa cha Charo kikabaki mezani, kinatabasamu kama kilivyofundishwa.