Mikanda Mitatu Myeupe

Mpiga pasi mmoja, mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Dobi, alikuwa na mikanda mitatu myeupe kabatini, na hakuna hata mmoja uliowahi kuloa jasho sawasawa. Karate aliiacha akisema ina kelele nyingi. Judo ilimwumiza mgongo, na mgongo ndio mtaji wake. Tekwondo nayo ni mateke ya juu, na dari ya chumba chake inagusika kwa mkono. Angempiga teke nani, taa? Kila darasa aliliaga wiki ya tatu, wanafunzi wanapoanza kupambana wawili wawili. Hilo hakulitaja.

Dobi alimwogopa kaka yake mkubwa. Kaka huyo alimzoeza makofi tangu utotoni, na mama yao alipofariki makofi yakaanza kumletea faida: Dobi alifumba macho, na akiyafumbua kuna kitu kimeondoka. Redio iliondoka hivyo, kisha cherehani. Sasa kaka ametuma salamu kwamba shule zikifungwa anakuja kuchukua funguo za chumba chenyewe. Marehemu alimwachia Dobi chumba hicho, na humo ndimo anamopigia pasi na kumlelea bintiye wa miaka saba. Usingizi ukampaa, na nguo za watu zikaanza kuungua.

Akakimbilia ngumi. Mwalimu, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alimsikiliza akieleza ubovu wa mitindo yote mitatu, kisha akamrushia glovu usoni, taratibu tu. Dobi akafumba macho.

"Mchagua jembe si mkulima," mwalimu alisema. "Hata karate ingekufikisha, dada yangu, kama ungebaki. Simama hapa mpaka macho yazoee."

Akasimama. Wiki saba alipigwa glovu za uso, kwanza nyepesi, baadaye si nyepesi. Alitapika mara mbili. Hofu haikupungua hata chembe, ila macho yalianza kukaa wazi.

Kaka alikuja asubuhi, pasi ikiwa ya moto. Hakuketi.

"Mdogo wangu, tusisumbuane. Funguo."

"Sitoi, kaka," Dobi alisema.

Mkono wa kaka ukainuka. Dobi aliuona ukianzia begani, akarudi nusu hatua, kofi likapita hewani. Kwa mara ya kwanza maishani aliona chumba kinavyokuwa wakati wa kofi. Alimwona kaka akipepesuka. Akamwona na bintiye kando ya meza ya pasi: mabega yamepanda hadi masikioni, macho ameyafumba kwa nguvu zote, anasubiri mlio.

Hapo ndipo alipoogopa kweli. Hakuna aliyemfundisha mtoto yule kufumba macho ila mama yake.

Kaka alikuwa anainua mkono tena. Dobi akaingia kati yao, akiutazama mkono huo.

"Fumbua macho, mwanangu," alisema. "Mama bado amesimama."