Chetezo Chini ya Televisheni

Mwanasiti binti Uweso ni mpole. Hayo utaambiwa na kila mtu hapa Ngamiani, nami sikatai. Ila mpole si mjinga, na mpole akikasirika hapigi kelele. Anakaa kimya, anachambua mchele wake, anangoja. Mimi Zuleha, ninayekaanga mihogo kwenye baraza inayotazamana na mlango wake, ndiye niliyembebea chetezo siku ya siku, na nakwambia wazi tangu mwanzo kwamba nilikibeba kwa furaha.

Banda la gemu lilikuwa lake. Alipoolewa na Tahiri, huyo Tahiri alikuwa fundi simu ambaye hata simu yake mwenyewe ilikuwa mbovu. Mwanasiti akavua bangili zake za mahari mbele ya mama mkwe, Bi Zuwena, akasema, "Mama, uwe shahidi. Hizi nazitoa zinunuliwe mashine." Bi Zuwena akakubali, akalia kidogo, maana yeye ndiye aliyezichagua bangili zile kwa sonara. Mashine zikaja kwa njia ya mpaka wa Horohoro, zilizokwisha kutumika, pamoja na rimoti zake nyeupe.

Hazikuwa mashine za kukaa ukabonyezabonyeza vitufe. Unasimama, unaielekeza rimoti kwenye televisheni kama bunduki, na kidoti chekundu kinakwenda pale unapolenga. Vijana wa Ngamiani, wa Chumbageni, mpaka wa Mwanzange wakajaa pale kutungua sahani zinazorushwa kwenye kioo. Aliyewafundisha ni Mwanasiti. Alikaa kwenye kigoda na sinia lake la karanga, akawa anasema, "Usikaze bega. Vuta pumzi kwanza. Rudi nyuma kidogo, umesogea mno." Tahiri yeye alisimama mlangoni na miwani ya jua, akiitwa bosi.

Ijumaa moja panya alikata waya wa kile kijiti cheusi kinachokaa juu ya televisheni, ambacho wenyewe wanakiita sensa. Kidoti kikatoweka, na Tahiri akatoka kwenda kutafuta sensa nyingine. Mwanasiti, kama kawaida yake ya Ijumaa, akawa anafukiza udi, chetezo kipo kwenye kiti karibu na televisheni. Akaiokota rimoti bila kutegemea kitu, akaona kidoti kimerudi, kinayumbayumba. Akasogeza chetezo kushoto, kidoti kikakimbilia kulia. Akakisogeza kulia, kidoti kikaenda kushoto. Akakiondoa, akawasha mishumaa miwili, mmoja huku na mmoja huku, na kidoti kikatulia tuli.

"Shoga," aliniambia siku hiyo, macho yanamng'aa, "kumbe kile kijiti hakioni chochote. Ni vitaa viwili tu, vina mwanga ambao sisi hatuuoni. Jicho limo kwenye rimoti yenyewe, hapa mbele. Linatafuta taa zake mbili, likiziona linajua limeelekezwa wapi. Na moto una mwanga ule ule. Sasa ukiliwekea moto mwingine pembeni, linachanganyikiwa, halijui taa zake ni zipi."

Akanieleza pia kwamba rimoti inahisi mkono ukizunguka, lakini kuhisi peke yake hakutoshi. Zipo rimoti za aina nyingine ambazo hazina jicho, zinahisi tu, na hizo hupotea kidogo kidogo mpaka uzibonyeze kitufe kuzikumbusha katikati ya kioo ni wapi. Mengi yalinipita. Nilichoshika ni habari ya moto, maana moto ndio kazi yangu.

Tahiri aliporudi, Mwanasiti akamkimbilia. "Tahiri, ile taa ya juu, kumbe..."

"Wewe kaa kwenye karanga zako," akasema mumewe, mbele ya vijana wote.

Vijana wakacheka. Mwanasiti akayameza maneno yake, akaizima mishumaa kwa vidole. Hakuligusia tena jambo lile, na Tahiri hakuuliza.

Mwaka uliofuata mama yake Mwanasiti alifariki kwao Muheza. Akaenda kuzika. Matanga hayajaanuliwa, watu bado wamelala kwenye mikeka, talaka ikamfikia kwa ujumbe wa simu. Siku ile ile kirikuu, kigari kile cha mizigo, kikasimama hapa mbele ya baraza yangu, na Tahiri akapakia mashine, televisheni, rimoti, mpaka kigoda.

"Tahiri," nikamwambia, "mwenye mali yuko msibani."

"Mwenye mali ni mimi," akajibu, wala hakunitazama.

Karai la mafuta lilikuwa linachemka mbele yangu. Mpaka leo sijui ni nini kilichoushika mkono wangu, lakini najua haikuwa huruma.

Mwanasiti aliporudi alikuta misumari ukutani. Tahiri alikuwa amehamia Raskazone, kwenye nyumba moja ya zamani yenye veranda, pamoja na mke mpya, Tuhfa, msichana ambaye hakumkosea mtu. Mwanasiti akamfuata huko, akadai mashine zake kwa adabu. Tahiri akamwambia mbele ya watu, "Leta risiti." Bangili hazina risiti. Shahidi alikuwa mmoja tu, Bi Zuwena, naye alikuwa amekaa pale pale ukumbini, akainamisha kichwa akatazama kanga yake. Mtoto ni mtoto, hata akiwa mwizi.

Basi Mwanasiti akarudi, akakaa kimya. Mimi nilimpandisha mori kila siku. Nilimwambia twende tukavunje vioo, twende tukamwaibishe msikitini, twende kwa watu ninaowajua huko Pongwe. Alikuwa anachambua mchele. "Nazitaka mashine zangu, Zuleha," akasema. "Na nataka azilete mwenyewe aliyeshuhudia."

Tukasikia kwamba ukumbi wa Tahiri utafunguliwa Ijumaa, kwa dua na pilau, na bosi mwenyewe ataonyesha shabaha mbele ya wageni. Hapo Mwanasiti akaweka ungo chini. Unajua, Bi Zuwena ana desturi yake: hakuna kitu kipya kinachoanza kazi kwake bila kufukizwa, na hufukiziwa pale pale kilipo. Cherehani alikifukiza. Friji alilifukiza, mlango wazi. Injini ya boti ya shemeji yake aliifukiza mpaka wavuvi wakapiga chafya. Mwanasiti aliishi naye kwenye nyumba moja, alimjua kuliko mtoto wake anavyomjua.

Akaenda sokoni, akachagua chetezo cha udongo chenye mdomo mpana kama bakuli la uji. Akanunua udi wa maana, ule wa harusi. Akanikabidhi.

"Mpelekee mama. Mwambie ni mkono wangu wa heri, sina kinyongo."

Nikamtazama. "Huna?"

"Ninacho, tele. Lakini mwambie sina."

Nikaenda kwa bajaji, nimevaa dera langu la sikukuu, makaa nimeyapata kwa majirani zao palepale. Bi Zuwena alipoambiwa kimetoka kwa nani, machozi yakamlengalenga. "Shikamoo mama," nikamwambia, na akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayesamehewa. Akakiweka chetezo mwenyewe kwenye stuli, chini kabisa ya televisheni, akaongeza makaa, akatupia udi. Harufu ikajaa ukumbi mzima. Wageni wakamsifu.

Tahiri akasimama na kanzu yake na miwani yake. Akainua rimoti. Sahani ya kwanza ikarushwa, na kidoti kikaruka mpaka pembeni mwa kioo kikatetemeka huko. Akalenga kushoto, kidoti kikashuka chini. Akalenga chini, kikapotea, kikarudi kwa upande. Sahani zikawa zinapita moja moja bila kuguswa. Mtu akacheka nyuma. Tahiri akaipiga rimoti kwenye kiganja, akabadilisha betri, akachukua rimoti nyingine, nayo ikafanya yale yale. Jasho likaloanisha kola ya kanzu. Mimi nilikuwa nakula pilau. Sijapata kula pilau tamu kama ile.

Wageni walipoondoka makaa yakafa, na Tahiri akajaribu peke yake. Mashine ikafanya kazi barabara. Hilo ndilo lililommaliza. Kesho yake wateja wakaja, na Tuhfa, kwa kuwa vijana wanatoka jasho na ukumbi unanuka, akawasha udi kwenye chetezo kile kizuri. Kidoti kikaanza wazimu wake. Asubuhi mashine nzima, wakija watu mbovu. Ndani ya juma hilo Raskazone yote ilikuwa inasema kwamba mashine za Tahiri zina jini linalochukia wageni.

Na jini linatolewaje? Kwa mafusho. Bi Zuwena akaleta ubani, akaleta chetezo cha pili. Kidoti kikazidi kuruka. Wakaongeza makaa; kikazunguka kioo kizima kama nzi. Kadiri walivyolifukiza jini ndivyo lilivyozidi kupata nguvu, na Tahiri, ambaye anajiita fundi, alikuwa ndiye anayepepea makaa kwa kawa ya kufunikia chakula. Habari zote nilikuwa naletewa na wateja wangu wa mihogo, nami nazivusha barabara kwa Mwanasiti kabla hazijapoa. Alikuwa anasikiliza, anatabasamu kidogo, anaendelea na mchele. Roho yangu ilisuuzika, sikufichi.

Wateja wakaisha. Wakamwita Maalim Idarusi, mwalimu wa madrasa, mtu asiye na maneno mengi. Akasoma dua, akakataa pilau, na alipokuwa anavaa viatu akamwambia Bi Zuwena, "Mama, dua nimesoma. Lakini kama humu ndani mna haki ya mtu, hiyo haitoki kwa dua."

Wanasema Bi Zuwena alikaa chini pale pale mlangoni. Usiku ule hakula. Asubuhi akamwambia mwanawe, "Bangili nilizichagua mimi. Nilimwona akizivua. Mla cha mwenziwe na chake huliwa, Tahiri, na mimi siwezi kuliwa nawe." Tahiri akapiga kelele, akakumbushia risiti. Mama yake akatoka barabarani akaita bajaji.

Nilimwona anashuka hapa, mtu mzima yule, amezikumbatia mashine kifuani kama vitoto, televisheni imefungwa nyuma ya bajaji. Mwanasiti akamwendea, akamwinamia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuletea vitu vyako. Nilishuhudia nikanyamaza. Nisamehe."

"Nimekusamehe, mama," akasema Mwanasiti. Hakumtaja mwanawe.

Lakini Tahiri ni Tahiri. Tulipofungua mafurushi tukakuta mashine zote na rimoti zote, na sensa hakuna hata moja. Alikuwa amezing'oa mama yake alipotoka kuita bajaji, akabaki nazo, halafu akatangaza kijiweni kwamba amempa Mwanasiti masanduku matupu, kwa sababu bila sensa mashine ni kipofu, na madukani hapa sensa zile hazipatikani tena. Mimi nilitukana. Mwanasiti akanituma dukani kwa mishumaa.

Alifungua banda Ijumaa. Vijana walirudi wote, na wengine wapya. Alasiri, mlango umejaa viatu, Tahiri akatokea. Alikuja kuona aibu ya mwenzake, nilimjua kwa mwendo wake. Akanipita bila salamu, akavuka barabara, akaingia, nami nikaacha mihogo iungue nikamfuata.

Ndani kijana mmoja alikuwa ananyoosha mkono, na sahani zinapasuka moja baada ya nyingine. Kidoti kimetulia kabisa. Juu ya televisheni, huku na huku, palikuwa na bilauri mbili, na ndani ya kila bilauri mshumaa unawaka. Mwanasiti alikuwa amekaa na sinia lake la karanga.

Tahiri akavua miwani. "Mishumaa ya nini?"

"Siku ile nilianza kukwambia," akasema Mwanasiti, "ukanirudisha kwenye karanga. Nami nimekaa kwenye karanga zangu." Kisha akamweleza, taratibu, kama anavyowaeleza vijana: jicho limo kwenye rimoti, linatafuta taa zake mbili, na moto wowote kwake ni taa.

Tahiri aliitazama mishumaa muda mrefu. Nilimwona anakwenda mbali kwa mawazo, anarudi Raskazone, anarudi kwenye stuli ile, kwenye kawa mkononi mwake. Uso ukaanza kumbadilika kuanzia mdomoni.

"Na makaa?" akauliza kwa sauti ndogo. "Makaa ya chetezo?"

"Udi ulinukia lakini?" akauliza Mwanasiti.

Hata wale vijana ambao hawakujua habari yenyewe walijua kwamba kuna mtu amepigwa. Tahiri akaisogelea mishumaa, akasimama mbele ya televisheni. Kwenye kioo, kidoti kilikuwa kimepotea, na kijana mwenye rimoti akageuka kutazama kulikoni.

"Sogea, Tahiri," akasema Mwanasiti, anamenya karanga. "Umekinga taa."

Akasogea.