Siku Niliyomchagulia Kukhu Daktari

Naandika haya nikiwa nimejifunika blanketi hadi kichwani, maana kila nikikumbuka leo hospitalini uso unaniwaka. Kukhu (bibi yangu, mama wa baba) alikuwa na kidonda pajani, juu kabisa, akakificha mpaka kikaanza kunuka, na alikubali kuja kwa sharti moja: "Niangaliwe na mtu wetu." Sasa foleni ikatupeleka kwa daktari Mzungu, na mimi, ambaye darasani hata ruhusa ya choo naogopa kuomba, nikajitia ujasiri nikamnong'oneza nesi kama tunaweza kubadilishiwa.

"Ati hamtaki Mzungu?" nesi akauliza kwa sauti ya kuuza dagaa wa omena sokoni. Benchi zima likageuka. Na Mzungu mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni (Mungu wangu!), akatabasamu tu: "Hakuna shida. Mama achague."

Tukaingia kwa daktari wetu, Mluhya kabisa, mpole, na kama kawaida yetu wakaanza kuulizana kwenu wapi, ukoo gani, umeoa kwa nani, Kukhu anacheka, mimi najipongeza kimoyomoyo, mpaka daktari akamtaja mkewe, na kumbe ni binti wa dada yake Kukhu, yule aliyeolewa kijiji cha Malinya! Kicheko kikakatika. Mkwe! Kwetu binti wa dada yako ni binti yako, na mama mkwe na mkwe hata mkono hawapeani, sembuse kuonyeshana paja. Kukhu akavuta leso aliyojifunga mpaka usoni, daktari akageukia dirisha, na mimi nimebaki katikati nimeshika kiatu nilichokwisha kumvua.

"Wewe mtoto, umenileta nimvulie mkwe nguo? Twende nyumbani!"

"Mama, tafadhali," daktari akaliambia dirisha, "hicho kidonda kikilala tena bila kusafishwa, mguu utaharibika. Ngoja."

Akatoka bila kugeuza uso, akaenda mwenyewe kumwita mwenzake. Yule Mzungu tuliyemkataa akaja, akapiga magoti sakafuni, akaomba ruhusa kabla ya kugusa leso, akawa anamwambia Kukhu kila anachotaka kufanya, na akasafisha kile kidonda bila hata kukunja pua (mimi nilikuwa nimeziba yangu). Kukhu akatulia kama mtoto anayesukwa nywele.

Tukitoka na kadi ya kurudi Ijumaa, mbele ya benchi lilelile, Kukhu akatangaza: "Ijumaa nataka huyu Mzungu wangu. Huyu anaulizanga kwanza!"

Watu wakacheka, nami nikatamani ardhi inimeze. Sitamchagulia mtu daktari tena. Lakini nawaheshimu wote wawili, aliyejua kupiga magoti na aliyejua kutazama dirisha.