Alama Chini ya Sikio la Sufuria

Katika mtaa wa Buyenzi, sufuria haitoki nyumbani mara ya kwanza bila kupigwa alama. Mwenye nyumba huigeuza, huchukua msumari na jiwe, hugonga chini ya sikio lake: nukta tatu, mwezi mdogo, herufi ya jina la mume aliyefariki. Sababu ni arusi na matanga. Siku hizo vyombo vya nyumba ishirini hupikiwa pamoja na kuoshwa pamoja, na kesho yake wanawake huketi kando ya rundo, vidole vikipapasa chini ya masikio, mpaka kila chombo kimerudi kwa mwenyewe. Wanaume hawafiki hapo. Kwao sufuria ni kitu kinachokuja kimejaa na kuondoka kitupu.

Mwantum alikuwa hodari wa kazi hiyo kuliko wote katika barabara yake. Alikuwa mjane, mnene, mwenye sauti ya chini, na hakuhitaji hata kutazama. Angeendelea kupiga soga huku mkono wake ukisema: hii ya mama Amissi, hii yangu, hii ya Jovithe.

Jovithe alikuwa jirani yake wa ukuta mmoja, mama mshonaji, Mkristo. Alama yake ilikuwa msalaba. Mwezi wa tatu wa mwaka 1995, watu walipokuwa wakifukuzwa mitaani kwa sababu ya kabila lao, alipita kwenye uwazi wa uzio akiwa na binti yake Nella mkono mmoja na sufuria kubwa mkono wa pili.

"Uniwekee iyi, Mwantum. Ilikuwa ya mama yangu. Usimupe mutu, mupaka mi nirudi, ao huyu mutoto."

"Ni amana," Mwantum alijibu. "Mbele ya Mungu."

Hawakuagana zaidi ya hapo. Wiki hiyo vilikuja vyombo vya nyumba nyingine tano, vingine vikiwa bado na ukoko wa wali. Mwantum alivipanga jikoni mwake mpaka mlango ukawa haufunguki wote, na kwa miaka mitatu alipika akiwa amesimama upande.

Jiko lile lilikuwa la matofali ya udongo, nyuma ya nyumba. Mvua za mwaka 1998 ziliulegeza ukuta wa kaskazini, na asubuhi moja ukalala wenyewe juu ya kuni. Khaled, mdogo wake, aliyekuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari, alikuja, akautazama, akasema atamjengea dada yake jiko la kikweli. Vikwazo vya biashara vya nchi jirani vilikuwa vimeukaba mji na sima, yaani saruji, ilipatikana kwa kujuana; aliikusanya mfuko kwa mfuko, wiki kwa wiki. Hakuwa tajiri. Alimpenda tu dada yake.

Kabla ya ujenzi ilibidi kila kitu kitoke. Mwantum alitandika mikeka uani, akatenga mafungu. La kwanza lilikuwa la kutupa: vifuniko visivyo na sufuria, kinu kilichopasuka, makopo ya maziwa ya unga aliyoyaweka kwa miaka bila kujua kwa nini. La pili lilikuwa lake. La tatu, la amana, lilikuwa kubwa kuliko hayo mawili.

Khaled alilizunguka mara mbili. "Dada, we haukai kwa nyumba. Unakaa kwa depo ya watu."

"Wenyewe watarudi."

"Wenyewe wako Tanzania, wako Uvira, wengine Mungu ndiye anajua. Uza, upate mabati mazuri."

"Khaled, rudisha ulimi wako kwa kinywa."

Alicheka, akainua mikono. "Bon. Nitaziweka gereji mupaka tumalize. Lakini zinatisha, dada. Nyeusi kama injini ya Toyota ya zamani!"

Zikapakiwa kwenye mkokoteni, zake na za amana pamoja, zaidi ya thelathini. Mwantum alisindikiza mkokoteni mpaka kona, akarudi. Hakuwa na wasiwasi. Alama zilikuwepo.

Jiko lilikwisha baada ya Ramadhani. Lilikuwa jeupe, lenye sakafu laini ya sima, dirisha la kutolea moshi na rafu tatu zilizojengwa ukutani. Mwantum alipanga mchele na maharage kwenye ndoo zenye vifuniko, akatundika miiko kwa urefu wake, mbabula mbili, majiko ya mkaa, akaziweka chini ya dirisha. Majirani walikuja kuona. Mmoja alisema mtu angeweza kuswali humo. Kwa siku mbili Mwantum aliingia na kutoka bila sababu, kwa furaha tu, na furaha ilikuwa kitu adimu mwaka ule.

Siku ya tatu Khaled alileta vyombo. Viling'aa mpaka macho yakauma.

"Surprise!" alisema. "Nimepitisha mashine ya msasa, moja moja, jioni baada ya kazi. Na zilizobonyea nimenyoosha kwa nyundo ya bodi. Sema sasa, si kama zimetoka dukani?"

Mwantum aliichukua ya juu, akaigeuza, akapeleka vidole chini ya sikio. Palikuwa laini. Akachukua ya pili. Akachukua ya tano.

"Dada? Kuna nini?"

"Alama, Khaled."

"Alama gani? Vile vikwaruzo?" Kisha uso wake ulibadilika taratibu, kama wa mtu aliyekumbuka kitu alichowahi kuambiwa na mama yake utotoni. Akaketi kwenye kizingiti kipya.

Mwantum hakumgombeza. Alijaribu kwa uzito, kwa mibonyeo, kwa unene wa midomo. Lakini mibonyeo ilikuwa imenyooshwa, na mikono yake, iliyozoea kusoma, haikuwa na cha kusoma. Akazipanga zote kwenye rafu za juu. Tangu hapo alipikia sufuria moja ndogo aliyoinunua sokoni, na akaacha kwenda kukaa na wanawake kwenye rundo la vyombo. Walipomuuliza alisema magoti yanauma.

Mama Amissi, mmoja wa walioacha vyombo, alirudi kutoka Uvira mwaka 2001. Alipoelezwa, alicheka mpaka akashika ubavu. "Sufuria ni sufuria, mama! Nipe inayonipendeza." Akachagua mbili, akaondoka. Mwantum alibaki akijiuliza kama mojawapo ilikuwa ya Jovithe.

Nella alikuja mwaka 2004, Jumatano, karibu na adhuhuri. Alikuwa msichana mrefu wa miaka kumi na sita, viatu mkononi kwa ajili ya tope. Alisema amerudi na malori ya wakimbizi, anakaa Buterere kwa mjomba. Mama yake alifia kambini, mwaka juzi.

Mwantum alimshika, akalia. Nella hakulia.

"Mama alinielekeza," alisema. "Sufuria ya nyanya. Chini ya sikio kuna musalaba. Sikumbuki sura ya sufuria, mama Mwantum, nilikuwa mudogo. Lakini alama naijua. Alikuwa ananichorea kwa kiganja."

Mwantum alisikia kinywa chake kikisema: "Ijumaa, mwanangu. Rudi Ijumaa. Nitakuwa nimekutolea."

Alhamisi asubuhi alifunga mlango wa jiko lake jeupe, akashusha sufuria kubwa nzuri kuliko zote, akaipakata kichwa chini. Alikuwa na msumari. Mapigo manne yangetosha. Mtoto angegusa, angepata alichoahidiwa na mama yake, na hakuna mtu duniani angejua. Aliuweka msumari mahali pake. Alikaa hivyo mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha akaufungua mlango, akautupa msumari uani.

Ijumaa Mwantum alimwambia Nella kila kitu: mkokoteni, gereji, msasa. Akamshushia sufuria zote sakafuni. "Moja ni yenu. Au aliichukua mama Amissi. Sijui. Chukua zote."

Nella alichuchumaa. Hata hivyo alizipapasa, moja baada ya nyingine, bila kuruka hata moja. Alipomaliza, akajifuta vidole kwenye kitenge.

"Kwa jirani mwengine, mashine ya kushona ya mama iliibwa," alisema. "Kwa mwengine, kitanda kiliungua. Hapa, fundi alisafisha." Akatazama kuta, sakafu, rafu. "Umejenga vizuri."

"Nella, wallahi—"

"Mi sitaki zote. Yetu ilikuwa moja."

Akavaa viatu vyake mlangoni, akaenda.

Jumapili Khaled, mvi sasa kichwani, alitembea kwa miguu mpaka Buterere kuapa kwamba kosa lilikuwa lake. Alirudi alasiri, suruali ina tope mpaka magotini. Mwantum alikuwa akimngoja barazani.

"Ulimupata?"

"Nilimupata. Alinipa kiti. Alinipa maji."

"Na ulimueleza?"

"Yote."

"Akasema nini?"

Khaled alikuwa akikwangua tope kwenye kiatu kwa kijiti.

"Alisema aksanti kwa kuja."

Mwantum alingoja aongeze. Khaled alikivua kiatu kile, akashika cha pili. Mwantum akainuka, akaingia kumtafutia mdogo wake maji ya kunawa miguu.